Volteji, Joto na Koltani: Historia ya Kuzidisha Mwendo wa Kichakataji Itazamwapo kutoka Ntoto

1. Utangulizi

Tarehe 20 Machi 1993 soko la Ntoto lilivamiwa. Ntoto ni kijiji cha wilaya ya Walikale, karibu na mpaka wa Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Nchi yenyewe wakati huo iliitwa Zaire. Watu waliofika kuuza na kununua waliuawa hapo hapo sokoni, na vita vilivyoanzia mahali hapo vikaenea Masisi na Rutshuru kwa miezi kadhaa. Maelfu ya watu walikufa, na zaidi ya laki mbili waliyahama makazi yao. Siku mbili baada ya mauaji hayo, tarehe 22 Machi 1993, kampuni ya Intel ya Marekani ilitangaza kichakataji kipya cha kompyuta kilichoitwa Pentium. Kilikuwa na transista zipatazo milioni 3.1, saa yake ilipiga mara milioni 60 au 66 kwa sekunde, kilitumia umeme wa volti 5, na joto lake lilikuwa kubwa kiasi cha kuwalazimisha waundaji wengi wa kompyuta kukiwekea feni yake peke yake.

Matukio hayo mawili hayana uhusiano wa sababu na matokeo, wala makala hii haikusudii kuubuni. Hata hivyo njia zilizofunguliwa Machi 1993, moja ya vita katika vilima vya Kivu na nyingine ya mbio za mwendo katika viwanda vya silikoni, zilikuja kukutana mwaka 2000. Makala inachunguza historia ya desturi moja ya kifundi, yaani kuzidisha mwendo wa kichakataji kwa kurekebisha volteji na joto lake, na inaonyesha kwamba historia hiyo haikamiliki ikiishia kwenye ukingo wa ubao wa kompyuta. Hoja yake kuu ni kwamba kila kasi iliyoongezwa imelipwa kutoka katika akiba iliyowekwa mahali fulani. Swali linalomkabili mwanahistoria ni: akiba hiyo ilikuwa ya nani?

2. Kanuni ya volteji na joto

Kichakataji ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi sana, na kila transista ni swichi ndogo inayofunguka na kufungika. Kazi yote huongozwa na saa. Kila pigo la saa linapopiga, ishara hutoka upande mmoja na hutakiwa kufika upande wa pili kabla ya pigo linalofuata. Mapigo yakiharakishwa mno, baadhi ya ishara huchelewa, hesabu huharibika, na kompyuta husimama. Fundi anayetaka kuendelea huongeza volteji, kwa sababu volteji kubwa huzifanya swichi zigeuke upesi zaidi na ishara zifike kwa wakati.

Lakini volteji haiongezwi bure. Nguvu inayotumiwa na kichakataji, ambayo karibu yote hugeuka joto, hukua kwa uwiano wa mwendo wa saa, na tena kwa kipeo cha pili cha volteji. Tuchukue mfano wa kichakataji cha megahezi 4000 kinachotumia volti 1.20. Kikipandishwa hadi megahezi 4400 kwa volti 1.32, kila kimoja kimeongezwa asilimia 10 tu. Nguvu, hata hivyo, imeongezeka kwa asilimia 33. Sehemu moja ya kumi ya mwendo imenunuliwa kwa theluthi ya joto. Aidha, silikoni yenye joto huvujisha umeme zaidi, na umeme unaovuja huongeza joto. Volteji kubwa pamoja na joto kali husogeza pia chembe za metali katika nyaya nyembamba za ndani, na hivyo kufupisha maisha ya chombo hata pale ambapo hakuna dalili inayoonekana.

Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu walijiwekea utaratibu. Kwanza mwendo huongezwa kwa hatua ndogo, volteji ikiachwa ilivyo. Pili, kichakataji hupewa kazi nzito kwa saa kadhaa, huku kipimo cha joto kikitazamwa. Tatu, kikishindwa, volteji huongezwa kidogo, sehemu ya mia ya volti au mbili, kisha jaribio hurudiwa. Nne, joto likikaribia kikomo kilichowekwa na kiwanda, ambacho katika vichakataji vingi vya miaka ya karibuni ni kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi, kazi hukomeshwa, hata kama volteji ingeweza kupanda zaidi. Volteji huufungua mlango, na joto ndilo linaloamua utafunguka kwa kiasi gani.

Kinachoiwezesha kazi yote hii ni akiba. Kiwanda hakiwezi kutengeneza vipande viwili vinavyofanana kabisa, nacho hakijui kama kompyuta itatumika katika joto la Kisangani au katika baridi ya vilima vya Masisi. Kwa hiyo huweka mwendo ulio chini kidogo ya uwezo wa kipande, na volteji iliyo juu kidogo ya mahitaji yake. Anayezidisha mwendo hali kitu kilichotoka hewani. Anakula nafasi hiyo ya usalama.

Kipo chombo kingine kinachosahaulika katika maelezo mengi, nacho ni kapasita. Kichakataji kinapotoka katika mapumziko na kuingia kazini, hudai umeme mwingi kwa ghafla, katika muda mfupi kuliko ule ambao mtambo wa kurekebisha volteji unaweza kuitikia. Kapasita hukaa karibu nacho kama pipa la maji katika nyumba ambayo bomba lake hutoa maji kwa kukatika. Pipa hutoa, bomba hulijaza baadaye. Pipa likiwa dogo, volteji huanguka na hesabu huharibika. Tantali, metali itokayo katika koltani, ilipendwa kwa kazi hii kwa sababu unga wake una eneo kubwa la uso katika ujazo mdogo, na kwa hiyo kapasita ndogo yaweza kubeba umeme mwingi. Ilitumika hasa katika simu za mkononi, katika kompyuta za kubebwa, na katika sehemu za ubao ambapo nafasi ni finyu. Tabia yake moja yafaa kukumbukwa: kapasita ya tantali ya aina ya zamani ikizidishiwa volteji, huweza kushika moto. Ndiyo maana wahandisi walijizoesha kuitumia kwa nusu tu ya kiwango kilichoandikwa juu yake. Kwenye njia ya volti 5 waliweka kapasita ya volti 10. Metali yenyewe iliwafundisha kuacha nafasi.

3. Kutoka kristali hadi programu, 1984 hadi 1999

Kuzidisha mwendo kulianza kwa mikono. Mwaka 1984 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta iliyoitwa PC AT, yenye mwendo wa megahezi 6. Saa yake iliongozwa na kristali iliyochomekwa katika ubao, na wenye kompyuta hiyo waligundua upesi kwamba kristali ya bei ndogo yenye mapigo ya haraka zaidi ingeifikisha kwenye megahezi 8. Baadaye kampuni ikaandika katika programu ya kuwashia mashine ukaguzi wa kuuzuia mchezo huo. Tangu hapo pakawa na mvutano kati ya kiwanda kilichoiuza akiba kama bidhaa ya bei ya juu, na mtumiaji aliyeiona kuwa mali yake.

Katika miaka ya 1990 volteji ilishuka huku mwendo ukipanda. Pentium ya 1993 ilitumia volti 5. Aina zilizofuata mwaka 1994 zilitumia volti 3.3 zikafika megahezi 100. Na kufikia 1998 vichakataji vingi vipya vilitumia volti 2. Sababu ilikuwa imeelezwa mapema, mwaka 1974, na Robert Dennard na wenzake wa IBM: transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji yake, kila eneo la silikoni hubaki na joto lile lile ingawa kazi huongezeka. Swichi inayogeuzwa kwa volti 2 badala ya 5 hudai chini ya sehemu moja ya sita ya nguvu. Kushuka huko kwa volteji ndiko kulikozilipia mbio za muongo mzima.

Mwaka 1998 Intel ilitoa kichakataji cha bei nafuu, Celeron 300A, cha megahezi 300. Wengi waligundua kwamba njia yake ya mawasiliano ikitolewa megahezi 66 na kuwekwa 100, kichakataji hufanya kazi kwa megahezi 450, mara nyingi kwa volteji ile ile au kwa nyongeza ndogo. Wakati huo huo baadhi ya watengenezaji wa mbao za kompyuta walianza kumruhusu mtumiaji kubadili volteji na mwendo kwa kibodi tu, bila kugusa kristali wala kuhamisha vipini vya chuma. Ufundi wa wachache ukawa desturi ya vijana wengi.

4. Mwaka 2000: gigahezi na koltani

Mwezi wa Machi 2000, katika muda wa siku tatu tu, kampuni mbili zilitangaza kichakataji cha gigahezi moja: AMD tarehe 6, na Intel tarehe 8. Mwishoni mwa Julai Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13, mwishoni mwa Agosti ikalazimika kuirudisha, kwa kuwa waandishi wa majarida ya kompyuta waliithibitisha kuwa haitulii. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefanya kile ambacho vijana walikuwa wakikifanya nyumbani: kimekula nafasi ya usalama hadi kikagusa mwisho wake.

Mwaka huo huo tantali ikaadimika. Simu za mkononi zilikuwa zikienea kwa kasi, kompyuta na mitambo ya mawasiliano vilihitaji kapasita zaidi, na wanunuzi walioogopa kukosa wakaagiza kupita mahitaji yao. Bei ya ratili moja ya tantaliti, iliyokuwa karibu dola 30 hadi 40 za Marekani mwanzoni mwa mwaka, ilipita dola 300 kabla ya mwaka kwisha. Haki yadai kusemwa mambo mawili hapa. Kwanza, waliozidisha mwendo wa vichakataji vyao hawakuwa sababu ya kupanda huko. Walikuwa sehemu ndogo ya soko lililoongozwa zaidi na simu. Pili, mtoaji mkuu wa tantali wakati huo alikuwa Australia. Madai yanayorudiwa mara kwa mara, kwamba Kongo ina asilimia 80 ya akiba yote ya koltani duniani, hayana upimaji wa kijiolojia wa kuyathibitisha. Ukweli hauhitaji kutiwa chumvi ili uwe mzito.

Ukweli ni huu. Huko Masisi na Walikale kampuni kubwa ya bati, SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ilikuwa imedhoofika tangu bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, nayo ilitoweka katika vita vya 1996 na 1997. Uchimbaji ulibaki kwa watu wenye sururu na beleshi. Mashamba yalikuwa yamehamwa na mifugo kuchinjwa tangu vita vya 1993. Bei ilipopanda, vijana walishuka mashimoni, baadhi ya wanafunzi waliacha madarasa, na malisho yakageuzwa machimbo. Uchunguzi wa Pole Institute ya Goma, uliochapishwa mwaka 2002, ulieleza jinsi wengi walivyokiacha kilimo na jinsi fedha zilivyopita mikononi mwao bila kukaa. Bei ya kila kilo ilipangwa mbali. Mchimbaji alimwuzia mchuuzi, mchuuzi akaiuzia nyumba ya ununuzi mjini Goma, ile iitwayo komptwari, na komptwari ikasafirisha nje. Novemba 2000 chama cha RCD-Goma, kilichoitawala sehemu hiyo kwa silaha, kiliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kusafirisha koltani, ili kodi ikusanywe mahali pamoja. Ukiritimba huo haukudumu. Ulifutwa mwaka 2001. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao Aprili mwaka huo, wakieleza uhusiano wa madini na vita. Kabla mwaka 2001 haujaisha, bei ilikuwa imeanguka, na viwanda vingi vilikuwa vimeanza kubadili kapasita za tantali kwa zile za kauri.

Kwa hiyo volteji iliyotakiwa kutulia ndani ya mashine ilipata utulivu wake kutoka katika nchi isiyotulia. Kiwanda kilikuwa na akiba ya kukila kwa hesabu, na kilipokosea kilirudisha bidhaa na kulipa. Masisi haikuwa na mahali pa kurudisha shimo.

5. Ukuta wa joto na baada yake

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kufikia mwaka 2004 transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba volteji haikuweza tena kushuka kwa kadiri ile, kwa kuwa umeme ulivuja hata swichi ilipofungwa. Pentium 4 ya gigahezi 3.8, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo, ilidai kipoza joto cha wati 115, ilhali Pentium ya kwanza ilitoa karibu wati 15. Oktoba 2004 Intel ilitangaza kwamba haitatoa ile ya gigahezi 4. Kuanzia 2005 viwanda viligeukia kuweka viini viwili na zaidi katika kipande kimoja. Kisha, tangu 2008, vichakataji vilianza kujizidishia mwendo vyenyewe kila vilipoona joto linaruhusu. Akiba aliyokuwa akiitafuta kijana wa 1998 ikawa inatumiwa na kiwanda kabla ya sanduku kufunguliwa.

Hatari ya njia hiyo ilidhihirika mwaka 2024. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha 13 na cha 14, vilivyotoka 2022 na 2023, vilianza kuharibika kwa watumiaji wengi. Julai 2024 kampuni ilieleza kwamba maagizo ya ndani ya kichakataji yalikuwa yakiomba volteji kubwa kuliko ilivyostahili. Agosti ikatoa marekebisho yaliyoweka kikomo cha volti 1.55, na ikaongeza dhamana ya bidhaa kwa miaka miwili. Marekebisho yaliweza kuzuia uharibifu mpya, lakini hayakuweza kuponya silikoni iliyokwisha kuchakaa.

Huko Kivu nako mambo hayakusimama. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze asili ya madini yao, na kuanzia Septemba mwaka huo hadi Machi 2011 serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Wengi walioathirika walikuwa wachimbaji wa mikono. Tarehe 30 Aprili 2024 kundi la M23 liliutwaa mji wa Rubaya huko Masisi, wenye machimbo makubwa ya koltani, na ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Desemba 2024 ilikadiria kwamba ushuru wa biashara hiyo ulilipatia kundi hilo dola 800,000 hivi kila mwezi.

Walikale ilichangia metali nyingine. Umoja wa Ulaya ulipoiondoa risasi katika vifaa vya umeme, Julai 2006, lehemu inayokiunganisha kichakataji na ubao ikawa karibu yote bati. Bati hilo ndilo lililokuwa likichimbwa Bisie, likabebwa migongoni msituni na kupakiwa ndege zilizotua juu ya barabara ya lami huko Kilambo. Mgodi wa kisasa ulianza kazi Bisie mwaka 2019. Machi 2025, vita vilipofika Walikale mjini, ulisimama kwa muda, ukafunguliwa tena Aprili.

6. Majina na mipaka

Mwanaisimu hawezi kuyapita majina bila kuyatazama. Tantali iligunduliwa mwaka 1802 na Anders Gustaf Ekeberg wa Uswidi. Aliiita kwa jina la Tantalo, mtu wa hadithi za Kiyunani aliyeadhibiwa kusimama majini bila kuweza kunywa, kwa sababu metali hiyo hata ikizamishwa katika asidi hainyonyi chochote. Aliyechagua jina hilo hakuijua Masisi. Anayelisoma kutoka Masisi halihitaji kufafanuliwa.

Lakini nchi hiyo ina hadithi yake. Walikale ni nchi ya Wanyanga, na utendi wao wa Mwindo ulichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuja kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Humo Mwindo, shujaa mwenye kujisifu, anachukuliwa na Nkuba, bwana wa radi, hadi mbinguni. Huko anakaa mwaka mzima akijaribiwa na mvua na jua, kisha anarudishwa duniani akiwa amejifunza kiasi, na anawapa watu wake maagizo ya kuishi kwa amani. Jamii iliyompa bwana wa radi kazi ya kumfundisha mtawala mipaka haikuwa ikingoja kichakataji ili itambue kwamba nguvu bila kikomo huunguza.

Ndiyo sababu suala la istilahi si pambo. Kiswahili kina volteji, joto, mwendo, saa, akiba na kikomo. Kwa maneno hayo desturi nzima yaweza kufundishwa bila kuazima sentensi ya mtu mwingine. Neno akiba hasa lina faida ambayo lugha ya viwanda haina: humkumbusha msikilizaji kwamba kilichotumiwa kiliwekwa na mtu, na kwamba mwenyewe aweza kuulizwa.

7. Hitimisho

Historia ya kuzidisha mwendo husimuliwa kwa kawaida kama historia ya werevu: kristali, kibodi, feni, maji ya kupoza. Ikitazamwa kutoka Ntoto huonekana pia kuwa historia ya akiba: akiba ya silikoni, iliyopimwa hadi sehemu ya mia ya volti, na akiba ya vilima na ya watu, ambayo haikupimwa na yeyote.

Kifaa kile kile cha kurekebishia volteji chaweza kugeuzwa upande wa pili. Kichakataji kingi kikipunguziwa volteji kwa asilimia 10, mwendo ukiachwa ulivyo, nguvu yake hushuka hadi asilimia 81. Utaratibu ni ule ule wa hatua ndogo na majaribio marefu. Feni hutulia, betri hudumu zaidi, na chombo huishi miaka mingi kabla ya kingine kununuliwa. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa umeme wa jua katika kijiji kisicho na nyaya, hesabu hiyo ina manufaa kuliko gigahezi ya ziada. Yafaa ifundishwe kwanza.